Somo: Kuingia katika Kazi ya Uhuishaji Ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega

Wengi wanaoniandikia huanza kwa kuuliza wajifunze programu gani ya kompyuta ili waingie katika uhuishaji, yaani utengenezaji wa katuni zinazotembea. Swali hilo naliweka pembeni kwanza, kwa sababu studio haiajiri programu. Huajiri mtu wa kujaza nafasi moja katika kazi ndefu inayopitia mikono mingi, na nafasi hiyo mara nyingi hudumu hadi mradi ukamilike, kisha mwenye nafasi hutafuta mradi mwingine. Somo hili nimelipanga kwa kuzingatia hali hiyo.

Hatua ya kwanza: fahamu safari ya picha

Filamu ya katuni huanza kwa mwandishi, huenda kwa mchoraji wa storibodi anayeigawa hadithi katika visanduku, hupita kwa wabunifu wa wahusika na mandhari, kisha sauti za waigizaji hurekodiwa na michoro ya storibodi hupangwa juu yake ili mwongozaji aone kama hadithi inakwenda. Katika katuni za 3D huja mtu wa kufinyanga umbo, mtu wa kulitia mifupa ili liweze kukunjwa, mhuishaji, mtu wa taa, na mtu wa kuunganisha tabaka zote ziwe picha moja. Mhuishaji, kwa hiyo, ni mmoja tu kati yao, ingawa huku kwetu kila anayegusa katuni huitwa hivyo.

Ngazi ya kupanda huwa ndani ya idara hizo. Katika uchoraji wa mkono, mhuishaji mkuu huchora mikao muhimu na mwanagenzi hujaza michoro ya katikati. Hayao Miyazaki mwenyewe aliingia studio ya Toei mwaka 1963 akiwa mchoraji wa michoro hiyo ya katikati. Chagua idara moja sasa, hata kama utaihama baadaye.

Hatua ya pili: jifunze uzito

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi huanguka. Filamu hupita mbele ya macho kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde, na mchoraji anaweza kushika mchoro mmoja kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Zoezi la kale ni mpira unaodunda, na kanuni 12 za uhuishaji ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney walizichapisha mwaka 1981 bado ndizo zinazofundishwa. Hata hivyo, ukishaufanya mpira, toka nje.

Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, asubuhi mitumbwi inapoingia, umtazame mama anayeinua karai la samaki kulitia kichwani. Kabla karai halijaondoka ardhini, magoti yamekwisha kukunjika, shingo imekazwa, na mkono wa pili tayari umetafuta ukingo wa upande wa pili. Likishakaa juu ya kata, kichwa hakitikisiki tena. Kinachohama ni kiuno, na hatua zinafupika. Mwanafunzi wangu mmoja alimchora mama huyo akinyoosha mikono tu, karai likapanda kama puto. Mistari yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, lakini karai lilikuwa tupu. Nilimtuma arudi Dunga na simu, arekodi, kisha aipitie video fremu kwa fremu akihesabu ni fremu ngapi zinapita kabla karai halijasogea. Baada ya wiki tatu mchoro wake ulikuwa na samaki ndani.

Hatua ya tatu: chombo

Blender, programu ya katuni za 3D, na Krita, ya kuchora, hupatikana bila malipo, na filamu ya Flow iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender. Studio ikitumia programu nyingine, utaijifunza kazini.

Hatua ya nne: video ya sampuli

Isizidi dakika moja. Kazi bora itangulie, kwa sababu anayetazama ana sampuli nyingine kumi zinazomsubiri. Kama ulifanya kazi na wenzako, andika wazi sehemu yako ni ipi. Anayejitwalia taa zilizowekwa na mwenzake hugunduliwa siku ya kwanza ofisini. Usichanganye idara tano katika sekunde 40.

Hatua ya tano: soko liko wapi

Tinga Tinga Tales, mfululizo ulioonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010, ulihuishwa Nairobi. Shirika liitwalo Ubongo liko Dar es Salaam na hutengeneza vipindi vya kuwafunza watoto. Triggerfish ya Cape Town ilishiriki kutengeneza Supa Team 4 ya Mzambia Malenga Mulendema, iliyotoka Netflix mwaka 2023, na katika mwaka huo huo Mkenya Ng'endo Mukii alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi za Kiafrika. Kwa anayeishi Kisumu, riziki ya kwanza huenda isitoke huko. Hutoka kwenye matangazo, video za muziki, na katuni fupi za afya na kilimo ambazo mashirika huziagiza kwa Kiswahili na Dholuo. Usizidharau, mtu anayenawa mikono kwa sekunde 20 ni mtihani mgumu wa vidole.

Hatua ya sita: maandishi kabla ya mchoro

Katika mwaka wangu wa pili nilipatana kwa mdomo na mteja mmoja kuhusu tangazo la sekunde 30. Hizo ni fremu 720, au michoro 360 ukishika kila mmoja kwa fremu mbili. Nilipomaliza, alitaka rangi ya nguo ibadilishwe. Kisha akabadilisha maneno, ikabidi midomo yote ichorwe upya. Tulifika marekebisho ya 11 kwa malipo yale yale, nami sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Kwa hiyo mkataba utaje idadi ya marekebisho, malipo ya awali, na siku ya kuidhinisha storibodi, ambayo baada yake kila badiliko hulipiwa. Utaje pia mwenye haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Ukitaka kubaki na mhusika wako, au walau ruhusa ya kuiweka kazi katika sampuli yako, iandike. Kampuni ikikata kodi ya 5% katika malipo yako, omba cheti cha makato, kwani utakihitaji unapojaza fomu za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Maswali ya wanachama

Swali (Kakamega): Mwalimu, je, bila shahada nitaajiriwa?

Jibu: Ndugu yangu, anayeajiri mhuishaji hutazama sampuli kwanza. Shahada hukusaidia unapoomba kufundisha, au kibali cha kazi nchi nyingine. Kama wazazi wanaweza kulipa karo bila kuuza shamba, nenda. Kama sivyo, miaka miwili ya mazoezi yenye mtu wa kukusahihisha inatosha kuanza.

Swali (Nakuru): Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina watoto wawili. Niache kazi?

Jibu: Usiache bado, mwalimu mwenzangu. Miradi huisha, na kati ya mmoja na mwingine miezi inaweza kupita bila shilingi. Fanya kazi ndogo wakati wa likizo, uweke akiba ya matumizi ya miezi sita, kisha tuzungumze tena.

Swali (Kondele): Akili unde haitatufukuza?

Jibu: Inagusa kwanza michoro ya katikati na usafishaji wa mistari, na hilo linanisumbua, kwa sababu hizo ndizo kazi ambazo wanagenzi walijifunzia. Storibodi na uigizaji wa mhusika bado vinahitaji mtu anayejua kwa nini mama yule alikaza shingo. Mimi ningejifunza kuelekea huko.

Swali (Kisumu): Stima ilipotea usiku kompyuta ikitoa video ya dakika mbili, na faili halifunguki. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, dada. Hiyo iliyoharibika haitarudi. Kuanzia leo usiiagize kompyuta itoe video moja kwa moja. Iagize itoe picha moja moja za PNG ndani ya folda, kila fremu na namba yake. Stima ikipotea kwenye fremu ya 1,900, ikirudi utafuta ile ya mwisho kwa kuwa huenda imekatika, uanzie hapo, kisha uziunganishe zote ziwe video kwa dakika chache.