Kipimo cha selimundu kwa slaidi, kisiwani Lamu

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi huniuliza mashine iko wapi. Kwa kipimo hiki, wanangu, ni hadubini na subira tu.

Anza na unga wa sodiamu metabisulfaiti. Ndio unaoinyima damu oksijeni, na chembe nyekundu zenye himoglobini S, ile ya kurithi iletayo selimundu, zikiikosa hujikunja mfano wa mundu. Lamu hewa ina unyevu. Kopo likikaa wazi, unga hushikana na kuharibika. Kila asubuhi pima gramu 0.2, yeyusha katika mililita 10 za maji yaliyokenekwa; hiyo ndiyo dawa yetu. Jioni mwaga, hata iliyobaki ikiwa nyingi.

Dawa ya jana imewahi kuniaibisha. Mtoto wa miaka miwili, vidole vimevimba hadi ngozi inang'aa, nami nikaandika hana kitu. Mamake aliporudi naye, nikapima kwa dawa mpya: mundu tele. Kumbe siku ile sikuweka damu ya kulinganishia. Sasa huweka slaidi tatu sambamba: ya mgonjwa, ya mtu ninayejua ana S, na ya asiyekuwa nayo. Yule wa pili asipoonyesha mundu, sitoi jibu la mtu yeyote.

Tone dogo la damu, tone la dawa, changanya, funika kwa kioo chembamba bila mapovu. Ziba kingo zote kwa vaselini, maana hewa ikipenya kazi imeharibika. Laza slaidi kwenye sahani yenye karatasi mbichi, zisikauke. Tazama baada ya nusu saa, kisha saa moja, kisha mbili. Usipoona kitu, usiitupe. Iache mpaka kesho, uitazame tena.

Tafuta chembe ndefu zenye ncha kali. Zenye miiba pande zote ni damu iliyonyauka tu, na wanafunzi wangu wote hudanganyika nazo mara ya kwanza.

Kabla hujaandika, muulize mama: mtoto ana miezi mingapi, na ameongezwa damu miezi hii mitatu? Chini ya miezi sita himoglobini ya utotoni huificha S, na damu ya kuongezwa hupotosha.

Kisha andika "chembe za mundu zimeonekana", basi. Usiandike "ana ugonjwa". Aliyerithi S kwa mzazi mmoja na aliyerithi kwa wote wawili, ambaye ndiye mgonjwa, slaidi haiwatenganishi. Mtafiti Anthony Allison alipopima damu za Wakenya mwaka 1949 aliwakuta wenye S wengi huku pwani na kando ya Ziwa Victoria, na 1954 akaeleza kuwa kurithi moja humkinga mtu kwa kiasi na malaria. Ukimtisha kila mwenye S utautisha mtaa mzima wa Langoni. Cha kutenganisha ni elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachogawa aina za himoglobini kwa umeme: chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau, kwenye kasha la baridi, barafu isiiguse, iwahi boti ya Mokowe, bara.