Kurekodi santuri kwenye kompyuta: mwongozo wa hatua kwa hatua

Upande mmoja wa LP (santuri ya kawaida ya mizunguko 33⅓ kwa dakika) una dakika 20 hivi, na kuurekodi kunachukua dakika hizohizo 20. Hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo kazi yote ipangwe ili kila upande urekodiwe mara moja tu, ukiwa safi. Kelele nyingi ambazo watu huhangaika kuziondoa kwa programu zilikuwa za kuzuiwa mapema kwa kuosha santuri, kubadilisha sindano iliyochakaa au kufunga waya mmoja mwembamba. Ndiyo maana hapa tunakaa zaidi kwenye mambo ya kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Vifaa

- Pleya ya santuri yenye katriji (kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) na sindano nzima
- Priampu ya santuri (kifaa cha kukuza na kusawazisha sauti dhaifu ya katriji), kama pleya yako haina ya ndani
- Kadi ya sauti ya nje ya USB yenye njia mbili za kuingiza sauti, kushoto na kulia
- Waya za RCA na hedifoni
- Programu ya kurekodi. Maelezo haya yanafuata Audacity, ambayo ni ya bure

Usitumie tundu la maikrofoni la laptopu. Kwa kawaida ni la mono (chaneli moja tu), na limetengenezwa kukuza sauti dhaifu ya maikrofoni. Utapoteza stirio na sauti itakwaruza.

Priampu ndiyo inayowachanganya wengi. Katriji ya kawaida ya sumaku inayotikisika hutoa takriban milivolti 5, wakati kadi ya sauti inategemea mamia ya milivolti. Lakini kukuza si kazi yake pekee. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa kwa kipimo maalumu kiitwacho RIAA, kilichokubaliwa na kampuni za santuri kuanzia 1954. Priampu hurudisha mambo mahali pake: kwenye 20 Hz inapandisha karibu desibeli (dB) 19, na kwenye 20 kHz inashusha kiasi kama hicho. Ukisikia muziki mwembamba usio na besi, uliojaa "sss", umeruka priampu. Ukisikia besi nzito mno na sauti iliyovurugika, umepitisha kwenye priampu mbili, ya ndani ya pleya na ya nje. Angalia nyuma ya pleya kama kuna swichi ya PHONO na LINE. Ikiwa kwenye LINE, priampu ya ndani inafanya kazi na ya nje haihitajiki.

Hatua ya 1: Safisha santuri

Ishike kwa ukingo na lebo tu. Kwa vumbi la juu, weka brashi ya nyuzi za kaboni juu ya santuri inayozunguka, iache itulie mizunguko miwili mitatu, kisha ivute taratibu kuelekea nje.

Santuri iliyokaa miaka bila kuguswa inahitaji kuoshwa. Changanya sehemu nne za maji yaliyokenekwa na sehemu moja ya alkoholi ya isopropili, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi ukifuata mzunguko wa mifuo (mistari iliyochongwa ambamo sindano hupita), kamwe usikatize. Suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu, kwa sababu sabuni ikibaki hukauka ndani ya mfuo na sindano huizoa. Maji ya bomba nayo huacha chumvichumvi. Lebo isilowe. Simamisha santuri hadi ikauke kabisa.

Onyo moja kubwa: santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, na alkoholi huyeyusha shelaki. Hizo zisafishe kwa maji na tone la sabuni tu, ukiwahi kuzikausha.

Hatua ya 2: Sindano na mkono wa pleya

Safisha sindano kwa brashi ndogo, ukipiga kutoka nyuma kuja mbele. Ukienda upande au kurudi nyuma, unaweza kuvunja kijiti kinachoibeba.

Pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo ya kidijitali. Katriji nyingi za sumaku inayotikisika hutaka kati ya gramu 1.5 na 2.5; fuata kiwango cha mtengenezaji wa katriji yako. Wengi huamini kuwa uzito mdogo hulinda santuri. Sivyo. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo na kugonga kuta zake, nayo herufi "s" za mwimbaji hutoka zikitema. Kaa nusu ya juu ya kiwango kilichoruhusiwa, na kitufe cha anti-skate (kinachozuia mkono wa pleya kuvutwa kuelekea katikati) ukiweke kwenye namba hiyohiyo. Pleya yenyewe ikae sawa. Weka pima maji juu ya sahani inayobeba santuri uhakikishe.

Sindano ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000 hivi. Dalili ya kuchakaa ni sauti kuanza kukwaruza kadiri unavyokaribia katikati ya santuri. Ikiwa nyimbo za mwisho za kila santuri zina tatizo hilo, badilisha sindano kabla ya kuanza mradi. Na kwa 78, tumia sindano yake yenye ncha pana, takriban maikroni 76. Ile ya LP yenye ncha ya duara ni maikroni 18 hivi, na kwenye mfuo mpana wa 78 itaburuzika chini kabisa, mahali palipojaa uchafu na kelele.

Hatua ya 3: Unganisha

RCA za pleya ziingie kwenye priampu, na priampu iingie kwenye kadi ya sauti. Ule waya mwembamba unaotoka pleya, wa ardhi, ufungwe kwenye skrubu ya priampu. Usipofungwa utasikia mvumo mzito usiokatika, wa 50 Hz au 60 Hz kulingana na umeme wa nchi.

Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu na utumie betri. Ukiisha, chanzo ni mzunguko wa ardhi kati ya chaja na priampu, basi rekodi kwa betri. Usipoisha, sogeza priampu mbali na adapta za umeme. Mwishowe zima spika na usikilize kwa hedifoni, kwani mtikisiko wa spika hurudi kwenye sindano na kurekodiwa.

Hatua ya 4: Panga programu na kiwango cha sauti

Chagua kadi ya sauti kama kifaa cha kurekodi, chaneli mbili, 44100 Hz, na biti 32 za float. Je, 96000 Hz ina faida? Kwa kusikiliza, 44100 Hz inatosha kabisa. Ukihifadhi faili kwa biti 24, dakika moja ya 44100 Hz ni karibu MB 16, na ya 96000 Hz ni karibu MB 35. Ongeza tu kama una nafasi na unakusudia kazi kubwa ya ukarabati. Kwenye mipangilio ya mfumo wa kompyuta, hakikisha kiwango ni hichohicho, na zima "viboresho" vyote vya sauti. Hivyo huchukulia mwisho wa wimbo unaofifia kuwa ni kelele na kuukata.

Kisha tafuta sehemu yenye kishindo kikubwa kuliko zote. Icheze huku ukiangalia mita, na rekebisha hadi vilele vifike −6 dB. Kwa biti 24 huna haja ya kusogelea sifuri, na kilele kilichokatwa hakirudi. Rekebisha kwa kitufe cha kadi yenyewe. Ukizidisha kwenye kadi kisha ukapunguza kwenye programu, mita itaonyesha −4 dB kwa utulivu, lakini ukivuta wimbi karibu utaona vilele vimekatwa bapa kama meza. Kiwango kikishakaa, usikiguse hadi pande zote mbili ziishe.

Chaneli moja ikiwa chini ya nyingine kwa dB 1 au 2, ni kawaida. Ikiwa zaidi, badilishana RCA za kushoto na kulia upande wa pleya. Udhaifu ukihamia chaneli nyingine, tatizo liko kwenye pleya au katriji. Ukibaki palepale, liko kwenye waya, priampu au kadi.

Hatua ya 5: Rekodi

Zima arifa na hali ya kompyuta kulala. Bonyeza kurekodi kwanza, ndipo ushushe sindano. Zile sekunde chache za mfuo mtupu kabla ya wimbo utazihitaji baadaye. Rekodi upande mzima bila kusimama.

Hifadhi faili ghafi la kila upande kabla ya kurekebisha chochote, na usilifanyie kazi tena. Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala. Kabla ya kurudisha santuri kwenye kava, sikiliza dakika ya kwanza na ya mwisho.

Hatua ya 6: Usafishaji wa faili, kwa mkono mwepesi

Mpangilio una maana. Anza kwa kuondoa mvumo wa chini usiosikika: kichujio cha High-Pass kwenye 20 Hz, mteremko wa dB 24. Santuri iliyopinda huinua na kushusha sindano kila mzunguko, na wimbi hilo hula nafasi ya sauti bure.

Halafu milio ya "tak". Ukiusikia kila sekunde 1.8 kwenye santuri ya mizunguko 33⅓, ni mkwaruzo uliokatiza mifuo. Usiofuata mpangilio ni vumbi. Vuta wimbi karibu hadi uone mwiba mwembamba uliosimama, uchague, kisha tumia Repair, ambayo hukubali hadi sampuli 128. Click Removal hufanya kazi hiyo kwa wingi, lakini tarumbeta na mapigo ya ngoma yana ncha kali zinazofanana na "tak". Ili ujue kama umezidisha, nakili traki, safisha moja, igeuze nyingine kwa Invert, kisha zicheze pamoja. Utakachosikia ni kile tu kilichoondolewa. Ukisikia ngoma humo, rudi nyuma.

Kwa mchakacho wa muda wote, chukua sekunde moja ya ule mfuo mtupu kama sampuli ya kelele kwenye Noise Reduction, na punguza dB 6. Ukipunguza 20, muziki utaanza kusikika kana kwamba uko ndani ya maji. Mchakacho kidogo unavumilika. Sauti ya majimaji haivumiliki.

Kama santuri ni ya mono, unganisha chaneli mbili ziwe moja. Muziki wa mono uko kwenye mtikisiko wa upande kwa upande, na kelele nyingi za juu na chini hufutana zenyewe.

Mwisho tumia Normalize hadi −1 dB, kwa santuri nzima kwa pamoja. Ukifanya wimbo mmoja mmoja, wimbo wa taratibu utapiga kelele sawa na wa kishindo, jambo ambalo waliourekodi hawakulikusudia.

Hatua ya 7: Gawa nyimbo na uhifadhi

Weka alama kwa Ctrl+B mwanzoni mwa kila wimbo, nusu sekunde kabla ya noti ya kwanza, na uandike jina lake. Kisha toa faili nyingi kwa kufuata alama. Majina yataingia yenyewe.

Hifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. Za simu zitoe MP3 ya kbps 256 au 320 kutoka kwenye FLAC, kamwe si kutoka MP3 nyingine. Jaza lebo za msanii, albamu, mwaka na namba ya wimbo, na kwenye sehemu ya maoni andika namba iliyochongwa karibu na lebo ya santuri, kwa sababu huonyesha toleo lipi hasa ulilorekodi. Weka nakala kwenye diski mbili, moja ikae nje ya nyumba, pamoja na zile faili ghafi.