Kuchagua gari dogo la mkononi kwa milima ya Nyanda za Juu Kusini

Mnunuzi wa gari dogo katika mji wa Mbeya, Iringa au Njombe mara nyingi huvutwa kwanza na rangi, rimu na herufi za namba ya usajili. Ushauri wangu ni kwamba aanze na mlima. Huku kwetu gari halitembei tambarare kwa muda mrefu: ukitoka Ipogolo unapanda kuingia Iringa mjini, ukienda Morogoro unakutana na Kitonga, na barabara ya Mbeya kwenda Chunya inapanda Kawetire hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gari linaloonekana zima likiwa tambarare huweza kuonyesha ugonjwa wake wote katika mpando mmoja, na ndiyo sababu mfumo wa kupooza injini, giaboksi na breki vinastahili muda mwingi wa ukaguzi kuliko kitu kingine chochote.

Jambo la kuamua mapema ni ukubwa wa injini. Mbeya mjini uko katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Toyota Passo au Vitz yenye injini ya cc 1000 inamfaa mtu anayekwenda kazini peke yake ndani ya mji, na kwa mafuta haina makuu. Lakini mwenye familia ya watu watano, ambaye atataka kurudi kutoka Kyela na gunia la mchele nyuma, atailazimisha injini hiyo kupiga kelele mlima mzima wa kuelekea Tukuyu, na injini inayolazimishwa kila wiki huchoka mapema. Huyo atafute cc 1300 au 1500. Usitegemee maneno ya dalali katika hili, kwa kuwa mwanzo wa namba ya chesisi unasema wazi: Toyota IST yenye NCP60 ni ya cc 1300 na NCP61 ni ya cc 1500, Passo ya KGC10 ni ya cc 1000 na QNC10 ni ya cc 1300, Vitz ya KSP90 ni ya cc 1000 na SCP90 ni ya cc 1300.

Kwa maoni yangu, chaguo la kwanza kwa mwenye fedha kidogo ni IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Injini yake hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi (unaoendesha vali za injini), giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na spea zake hazikutumi mbali. Toyota Starlet ya zamani nayo ni ngumu, ila injini yake ya 4E ina mkanda unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji asiyeweza kueleza ulibadilishwa lini akuhesabie gharama hiyo kwenye bei. Honda Fit ya miaka hiyohiyo ni gari zuri lenye nafasi kubwa ndani, lakini nyingi zina giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua), ambayo hudai oili yake maalumu na fundi anayeijua. Ikiwa inatetemeka inapoanza kuondoka mlimani, iache.

Ukaguzi wenyewe ufanyike asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilichofichwa au muuzaji hakukuelewa, na kwa vyovyote urudi siku nyingine. Injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta (kamwe usiufungue injini ikiwa ya moto) utazame kilichomo. Kulanti (maji maalumu ya kupooza injini) iliyo safi ina rangi angavu ya kijani, nyekundu au pinki. Maji ya rangi ya kutu yanaonyesha kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya bomba, na utando unaofanana na maziwa ya chai unaonyesha kwamba oili na maji vimekutana, jambo ambalo mara nyingi hutokana na gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku) kuungua. Mpira wa mfuniko nao usiwe umepasuka. Katika mwinuko wa Mbeya maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ni shinikizo linalozuiwa na mfuniko huo linaloyafanya yastahimili joto zaidi, hivyo mfuniko uliochoka huleta madhara haraka zaidi huku kuliko pwani.

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu wakati injini ni ya baridi, na taa nyekundu ambayo ikiwaka umekwisha kuchelewa. Itazame ile ya buluu: inapaswa kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Ikikawia sana, au ikiwaka tena unapoteremka mteremko mrefu, inawezekana fundi fulani aliondoa thamostati (vali inayozuia kulanti kuzunguka hadi injini ipate moto) ili gari lisichemke. Hiyo si tiba. Kwa baridi ya Makete au Njombe ya Juni na Julai injini hiyo itatembea bila kufikia joto lake, itakula mafuta na kulika ndani, na tatizo la kuchemka lililofichwa bado lipo. Moshi mweupe wa asubuhi katika baridi hiyo ni mvuke tu na hukoma injini ikipata moto. Usipokoma, hasa ukiwa na harufu tamutamu, kulanti inaungua. Moshi wa buluu ni oili.

Baada ya hapo panda mlima kwa muda usiopungua dakika ishirini, mkiwa watu watatu au wanne ndani ya gari. Gia zibadilike bila kishindo wala kuteleza, yaani injini isipandishe mzunguko huku mwendo ukibaki uleule. Wakati wa kuteremka weka gia ya 2 au L uone kama injini inalizuia gari, kisha kanyaga breki kwa nguvu mahali salama: usukani usitetemeke na gari lisivute upande mmoja. Ukisimama, acha injini ikinguruma na usikilize kama feni ya rejeta inajiwasha yenyewe.

Chini ya gari tafuta kutu, kwa sababu magari mengi yamekaa pwani kabla ya kuletwa huku. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho: alama ya tope kwenye sehemu ambayo huwa imejikunja ndani ni dalili ya gari lililozama kwenye mafuriko, na hilo usilinunue kwa bei yoyote. Kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kwa urahisi, basi amini zaidi uchakavu wa pedali ya breki na wa usukani.

Tenga angalau sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa oili, kulanti, pedi na matairi. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi ya gari, hakikisha jina la kwenye kadi ni la anayeuza, na angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho ya TARURA. Malipo yapitie benki, mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA uanze siku hiyohiyo, muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.