Barua ya majaribio ikija, isome hivi kabla kiwanja hakijauzwa

Mimi ni katibu wa timu ya soka ya vijana Temeke. Kadi za usajili na vyeti vya kuzaliwa vinapita mikononi mwangu, na dirisha la usajili likikaribia vijana huniletea barua za kuitwa majaribio na klabu za nje. Mdogo wangu, ukiipata ya kwako, usimwambie mama auze chochote kabla hatujaisoma.

Klabu inayokutaka kweli hukuandikia kwa jina lako kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria. Inataja tarehe za kufika na kuondoka, nani analipa tiketi na malazi, jina na cheo cha aliyesaini. Barua niliyoletewa majuzi ilianza na "Mpendwa mchezaji". Nembo ya klabu ya Uturuki ilikuwa imevutwa mpaka imepinda, baruapepe ni ya bure, na mwisho dola za "kushughulikia viza" zitumwe kwa simu, kwenye namba ya hapahapa nchini! Mama wa kijana alikuwa ameshapata mteja wa kiwanja. Ukiwa na shaka, nenda kwenye tovuti rasmi ya klabu, chukua mawasiliano yaliyopo pale, uwaulize wenyewe. Yale yaliyoandikwa kwenye barua yaache.

Wakala naye mkague. FIFA inawapa leseni baada ya mtihani, na majina yao yanatafutika kwenye tovuti yake. Ujira wake ni asilimia ya utakachopata. Anayetaka hela wakati huna hata timu, mkimbie.

Kama hujafika miaka 18, FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa ila kwa sababu chache, mfano wazazi wako wamehamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Kwa hiyo anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba wa Ulaya anadanganya. Na Ulaya si lazima iwe kituo cha kwanza. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alitoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Kongo. Alikaa Lubumbashi, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo Januari 2016 akatua Genk ya Ubelgiji, na Aston Villa mwaka 2020. Nasikitika kila nikimwona kijana anaidharau ofa ya Kongo au Morocco.

Nyaraka zako zifanane herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, pasi, kadi ya usajili. "Abdalah" huku na "Abdallah" kule ni usumbufu mtupu, kwa sababu uhamisho unapita kwenye mfumo wa FIFA, na bila hati ya uhamisho wa kimataifa, ile ITC, huchezi mechi rasmi. Umri usiuguse kabisa.

Sasa mkataba. Ukiletwa kwa Kifaransa au Kituruki, usisaini mpaka mtafsiri wako, siyo wa klabu, amekusomea kila kipengele. Uliza mshahara uliotajwa ni kabla ya kodi au ni wa mkononi. Nyumba, bima ya afya, tiketi za kurudi likizo, vyote viandikwe. Ahadi ya mdomo ya rais wa klabu huwezi kuipeleka popote. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba utegemee vipimo vya afya au kibali cha kazi, kwa hiyo vipimo vifanyike kabla ya kusaini. Ubaki na nakala yako yenye saini zote.

Mshahara ukikwama, usipande ndege kurudi kimya kimya. Klabu ikikunyima kinyume cha mkataba mishahara ya miezi miwili, iandikie kuidai na uipe angalau siku 15 kulipa. Zikipita bila malipo, una sababu halali ya kuvunja mkataba na kwenda FIFA. Taarifa za benki na barua zako ndizo ushahidi, zitunze.

Jambo la mwisho ni la sisi tuliokulea. Klabu ikikununua kutoka nchi nyingine ungali na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa timu zilizokufundisha kuanzia miaka 12 hadi 23, ilimradi usajili wako uonekane. Pitia kwa katibu wa kila timu uliyochezea, uchukue nakala ya usajili wako msimu kwa msimu, ungali bado uko nyumbani.