Kwa Mnaonunua Kondo Ontario, Kanada: Mlango wa Gereji Ukiharibika, Nani Analipa?

Januari, baridi imeshika kwelikweli, springi ya mlango wa gereji yangu ilikatika kwa kishindo hadi watoto wakaja mbio sebuleni. Nikaita fundi, nikamlipa, kisha nikapeleka risiti kwa meneja wa kondo, yaani jengo au mtaa ambao kila mtu ana nyumba yake lakini sehemu nyingine ni za wote; shirika la wamiliki linaloiendesha nalo tunaliita kondo. Akanijibu kwamba mlango ule ni mali ya pamoja na hutengenezwa na kondo kwa fundi wake. Huyo niliyemwita mwenyewe, gharama ni juu yangu. Sikurudishiwa hata senti.

Sisi tumezoea kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba. Sheria ya kondo ya Ontario ya mwaka 1998 haiendi hivyo. Kuna nyumba yako, kuna sehemu za pamoja ambazo wamiliki wote mna hisa, na ndani ya hizo za pamoja kuna zile unazotumia wewe peke yako, kama roshani. Tena kumiliki ni jambo moja na kutengeneza ni jingine: hati mama ya kondo, yaani deklaresheni, inaweza kukubebesha matunzo ya kitu kisicho chako peke yako. Ndiyo maana jibu la binamu yako anayeishi kondo nyingine halikusaidii, hata kama mko mtaa mmoja.

Fungua hati hiyo, tafuta Nyongeza C inayoeleza mipaka. Nyingi husema mpaka wako unaishia kwenye uso wa ndani wa mlango ukiwa umefungwa. Basi rangi ya ndani ni yako, lakini rangi ya nje na mlango wenyewe si vyako. Ukitaka kufuli ya kidijitali au kamera, iandikie kwanza bodi, yaani kamati inayosimamia kondo. Kwenye maghorofa, mlango unaotokea koridoni umewekwa kuzuia moto; ukiutoboa, au ukiondoa kile kifaa kinachoufanya ujifunge wenyewe, unahatarisha watu wa sakafu nzima. Hili nawasihi sana.

Maegesho nayo yana mambo yake. Nafasi ya gari inaweza kuwa na hati yake ya umiliki kabisa, ikawa ya pamoja kwa matumizi yako tu, au ukawa umekodishiwa. Muuzaji akisema "ina parking", mwulize ni ipi kati ya hizo.

Kabla ya kununua, agiza cheti cha hali ya kondo. Bei yake haizidi dola 100, na kondo inapaswa kukitoa ndani ya siku 10. Kinakuja pamoja na hati mama, bajeti na kanuni. Mpe mwanasheria wako akisome, umtajie wazi: milango, madirisha, gereji.

Ukiwa na mgogoro na bodi, usizuie ada ya mwezi. Kondo ina haki ya kuandikisha deni hilo juu ya nyumba yako, yaani nyumba inakuwa dhamana ya deni.

Na mlango ukigoma usiku, gari likiwa ndani, piga kwanza namba ya dharura ya kondo. Piga picha ya springi kabla haijaguswa, kisha mwandikie meneja barua pepe usiku huohuo.