Somo: Bendi ya hevi metali kupiga jukwaa moja na taarab

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wengi mmeuliza vijana wa hevi metali wajipange vipi wanapopata nafasi kwenye shoo ya bendi tatu nne hapa Unguja, mbele yao rege, nyuma yao kikundi cha taarab. Nimeona vijana wanapiga vizuri sana mazoezini, wakifika jukwaani wanawaharibia wenzao, na hawaitwi tena.

Hatua ya 1: Maulizo. Hakikisha kibali cha BASFU, baraza la sanaa la Zanzibar, kimetoka na jina la bendi yenu limo. Kisha uliza drams ni za nani. Mara nyingi hutumika seti moja kwa wote. Nyinyi njooni na snea yenu (ile ngoma ndogo yenye nyaya chini), matoazi na pedali ya mguu, basi. Mkipewa dakika 30, pangeni nyimbo za dakika 24. Zilizobaki zitaliwa na waya na kutia sauti magitaa.

Hatua ya 2: Umeme. Wetu ni volti 230. Ampilifaya ya Marekani inataka 120, ukiichomeka hivi hivi inaungua. Na umeme ukihamishwa kwenda jenereta, zima ampilifaya kwanza. Tuliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme, tunayajua majenereta.

Hatua ya 3: Uzito. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Uzito si kelele. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya hevi metali ya Uingereza, alikatika ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, baadaye akazilegeza nyuzi ili zimtii, na muziki ukashuka chini, ukawa mzito. Mengine yanatoka kwa mpiga besi na mguu wa drams kutua pamoja. Kuta za mawe za Mji Mkongwe zinarudisha sauti za chini mpaka hujui nani kapiga nini. Basi punguza besi kwenye gitaa, umwachie nafasi mwenye gitaa la besi. Punguza mkwaruzo pia, yaani ule ukali wa gitaa la umeme unaokwaruza, mpaka ukiwa peke yako uone haba. Bendi nzima ikiingia utatosha. Ampilifaya iweke juu ya kiti, ikuelekee masikioni. Ikiwa chini inapigia magoti, nawe hujisikii, unazidi kuongeza.

Hatua ya 4: Wenzenu. Kanuni, ile ala ya taarab ya nyuzi inayolazwa, ina nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji wake amekaa muda mrefu akizitia sauti mmoja mmoja. Usipitishe waya hapo, usiiegemee meza yake.

Usiku mmoja tulishuka tukaiacha seti ya drams ilivyo. Taarab ikaanza taratibu, udi na fidla, na kila besi ilipofika noti fulani kukasikika mtetemo nyuma: zzzz. Mzee wa kanuni akasimamisha wimbo, akainama kukagua nyuzi zake, anadhani mmoja umelegea. Kumbe ni zile nyaya za chini ya snea yetu, zinatikiswa na besi. Ubavuni mwa snea kuna kiwashio kidogo. Ukikishusha, nyaya zinaachana na ngozi na mtetemo unakatika. Kazi ya sekunde moja, na hatukuifanya. Nilimfuata mzee baadaye kumtaka radhi, akanishika mkono akaniuliza gitaa langu nimelitia sauti gani. Mpiga drams wetu hashuki tena bila kukigusa.

Kupima sauti kumalizike kabla ya Magharibi. Adhana ya Isha ikianza, mikono inatoka kwenye nyuzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Chake: Kaka, huku Pemba tuna pedali ya mkwaruzo tu, ampilifaya hatuna. Tuichomeke moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti?
Jibu: Mdogo wangu, ukifanya hivyo italia kama nyuki ndani ya kopo. Spika ya gitaa ndiyo inayokata ule ukali wa juu. Azimeni ampilifaya hata ndogo, muiwekee maikrofoni mbele karibu kabisa na kitambaa, kando kidogo ya katikati ya spika. Mkikosa, mwambieni fundi mitambo akate sauti za juu kwenye njia yenu.

Dada wa Kikwajuni: Mimi ndiye mwimbaji. Mama anasema ni muziki wa shetani. Nimjibu nini?
Jibu: Usimjibu kwa maneno, dada. Mwandikie mashairi yenu kwa Kiswahili safi, mkae naye mzipitie beti moja moja. Penye neno la kumuumiza, sikiliza. Kisha mwalike mazoezini mchana.

Mpiga Besi: Plagi za masikio ni lazima kweli?
Jibu: Lazima. Sauti ya desibeli 85 sikio linaistahimili saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatika nusu. Kwenye 100 umebakiwa na dakika 15, na karibu na matoazi mnafika hapo upesi. Za sponji zinatosha: zisokote nyembamba, vuta sikio juu, ingiza, shikilia mpaka zijae.