Vile utaagiza kiti cha Chippendale ya Kichina kwa fundi wa Kisumu

Kama uko na fundi pale soko la Kibuye na unataka viti vya dainingi vyenye stori, mwambie ajaribu Chippendale ya Kichina. Thomas Chippendale, fundi wa fanicha Mwingereza, alitoa kitabu cha michoro London mwaka wa 1754, na ndani kuna viti mgongo wake ni vijiti vimepishana kama kimia cha dirisha, mtindo ambao Waingereza waliuiga kutoka China.

Miguu iwe ya mraba, imenyooka, isiwe ile imepinda na kucha zimeshika mpira, hiyo ni poa pia lakini usichanganye kwa kiti kimoja. Kazi yenyewe iko kwa mgongo. Chora kwanza kwa kadibodi saizi kamili, alafu vijiti vikikutana kata nusu kwa nusu viingiane, weka gundi tu, ukipiga misumari vitapasuka nakuambia. Mbao ni mahogani, hata Waingereza wa wakati huo walitumia hiyo, saiprasi ni laini sana.

Ukitaka nyeusi ya kung'aa kama laka ya Asia, Waingereza hawakuwa na utomvu wa mti wa laka kwa hivyo walipaka vanishi kama shelaki, tabaka juu ya tabaka. Paka nyembamba, ikauke kabisa, piga msasa laini, rudia, na usipake siku ya vumbi.